Mdogo wangu, kabla hujakata tiketi ya kwenda kuzamia

Mdogo wangu,

Nimeona meseji yako, eti umechoka na makelele unataka pwani iliyotulia uzamie kwa mtungi wa hewa, uone matumbawe, na pia uzunguke kwenye magofu na mikoko. Poa sana, mi nakuunga mkono. Ila sehemu tulivu maana yake hata msaada uko mbali, na hili watu hawaambizani kabisa. Kile chumba cha presha cha kutibia wazamiaji unaweza kukuta kiko mkoa mwingine au hata nchi nyingine, kwa hiyo kabla hujalipa waulize, kwenye boti kuna oksijeni? na mtu akizidiwa anapelekwa wapi? Wakianza kuzungukazunguka na majibu achana nao, hata kama picha zao ni kali.

Halafu ratiba umeipanga kinyume, matembezi mwanzo, kuzamia siku ya mwisho. Igeuze. Ukiwa chini, kila mita 10 za maji zinakuongezea presha sawa na ya hewa yote tunayoishi ndani yake, basi mwili unafyonza naitrojeni, ile gesi iliyomo kwenye hewa unayovuta, na kutoka kwake ni taratibu mno. Ukiwahi kupanda ndege, presha ya mle ndani ni ndogo, hiyo naitrojeni inaweza ikageuka mapovu kwenye damu na viungo. Ndo maana wanashauri usubiri angalau saa 12 ukizamia mara moja tu, na 18 ukizamia mara nyingi au siku mfululizo. Hata kupanda mlima mrefu ni hivohivo. Magofu yasubiri, hayaendi popote.

Angalia na mwezi. Ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, mkondo unavuta, mara nyingi hata kuona mbali chini ni shida. Kama wiki moja baadaye ni maji mafu, bahari imelegea, na wewe mgeni ndo wakati wako. Ila kama unataka kutembea kwa miguu kwenye miamba maji yakitoka, hapo bamvua ndo tamu.

Ukishazama, usibane pumzi, hata kidogo! Ukipanda umebana, hewa inatanuka na mapafu yanaweza kuchanika. Panda polepole, simama kwenye kina cha mita 5 kwa dakika 3, na ukishuka sawazisha presha ya masikio kabla hayajauma. Samaki mwekundu akionekana wa kijivu usishangae, maji yanameza rangi nyekundu kwanza, mmulike na tochi uone. Matumbawe usiyashike, ni wanyama wale. Na mafuta ya jua punguza, Palau, kile kinchi cha visiwa kule Pasifiki, tangu 2020 wamepiga marufuku yale yenye oksibenzoni, kemikali inayodhuru matumbawe, we vaa tu fulana ya mikono mirefu.

Ukipata tarehe nitumie nikuangalizie maji. Na ukishikwa na mafua usizame, hata kama umeshalipa.