Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwanza

Ndugu wanachama, sisi ambao figo zetu zimechoka na damu yetu husafishwa kwa mashine, pamoja na ndugu zetu mnaotusindikiza siku za mashine, habari za siku nyingi.

Mambo ya ada na matumizi atayasoma mhazini. Mimi niguse usafiri tu: Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wenzetu wa Sengerema adha ya kungoja kivuko wakiwa hoi baada ya kusafishwa damu. Wa Ukerewe bado wanategemea meli, na kero yao ndiyo ya kwanza mezani mwakani.

Lililobaki ni moja, nalo nitalisema kwa kirefu. Mwaka huu limeenea neno kwamba mwenye damu ya grupu O haambukizwi homa ya ini. Nakiri mbele yenu, nami nililibeba. Kadi yangu inasoma O, na baada ya sindano tatu za chanjo ya homa ya ini B niliona ya nne ni kujisumbua bure. Kipimo kilipokuja, kinga yangu kwenye damu ilikuwa chini ya 10 (mIU/mL), na 10 ndicho kiwango cha chini tunachotakiwa kufikisha. Daktari hakunigombeza. Alinisogezea karatasi, akanyamaza. Afadhali angenigombeza.

Nadhani neno hili ni masalia ya korona. Mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa wa Italia na Hispania ulionyesha kuwa wenye grupu A walielekea kuzidiwa zaidi, wa O kidogo chini yao. Sisi tukalichukua la korona tukalivisha homa ya ini. Lakini grupu la damu ni sukari tu zilizo juu ya chembe nyekundu: A ana zake, B zake, AB anazo zote, O hana za A wala za B. Kirusi cha homa ya ini B kinaingia kwenye ini kwa mlango mwingine kabisa. Waliolinganisha magrupu na homa ya ini wamepata majibu yanayogongana, huyu hivi, yule vile. Huwezi kuacha sindano kwa ushahidi wa namna hiyo.

Sisi hatari yetu iko kitini. Damu yetu inatoka nje ya mwili na kurudi mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila safari, na kirusi cha B kinaweza kukaa hai siku saba juu ya kitu kikavu. Katika kituo kimoja, mama mmoja mwanachama wetu aliona tone limekauka kwenye mkono wa kiti, jeusi, dogo kama punje ya ulezi. Akasema, "Sista, samahani, kiti hiki bado." Sista alinuna kidogo, kisha akaleta klorini, akafuta, akavaa glavu mpya. Mama anasema aliona aibu siku nzima. Mimi namwambia wabeja sana, yaani asante sana. Na chupa moja ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ikizungushwa kiti hadi kiti, tuulize vilevile, kwa adabu.

Damu ya kuongezewa hupimwa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama: UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Hata hivyo, mwenye kuandikiwa sindano za kuusaidia mwili utengeneze damu yake wenyewe asiziruke akaishia kuongezewa, maana kila chupa ya damu ya mtu mwingine inaweza kuuzoesha mwili kukataa figo ya kupandikizwa. Huko kwenye kuongezewa damu na kupandikizwa figo, huduma ambayo Muhimbili ilianza 2017, ndiko grupu lina kazi.

Homa ya ini C haina chanjo, ila vidonge vya miezi miwili hadi mitatu huponya wengi sana. Tupime kila miezi sita.

Kwa hiyo kamati imeamua: katibu ameongeza safu kwenye daftari la wanachama, tarehe za sindano zote nne na majibu ya kipimo cha kinga. Dozi zetu ni mara mbili ya za mtu mzima mwingine kwa sababu miili yetu ni mizito kujenga kinga, basi msishangae mkichomwa zaidi. Njooni na kadi zenu. Jina langu liko mstari wa kwanza: ya nne nimeshachomwa, nafasi ya majibu bado iko wazi.