"Nikalipie viraka elfu themanini?"

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Makorora hapa Tanga, na kazi yangu ni kushona viraka. Si kutia viraka nguo zilizochanika, hapana. Nashona mifarishi ya kutandika kitandani kwa vipande vya vitenge na kanga ambavyo mafundi cherehani wanavifagia jioni na kuvitupa. Wateja wangu wengi huita blanketi la viraka. Bibi yangu aliyenifundisha alikuwa akiita mfarishi, nami nimebaki na neno lake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni semina. Mwezi uliopita tuliitwa akina mama wa mtaani, tukakaa kwenye viti vya plastiki tangu saa tatu asubuhi, tukapewa soda na maandazi mawili mawili, na mwezeshaji, kijana mtanashati mwenye ulimi mtamu, akatuambia tufanye tunachokipenda, pesa itatufuata yenyewe. Wenzangu wakapiga makofi. Mie sikupiga. Nimeupenda ushoni huu tangu nina miaka tisa, na kwa miaka minne ya mwanzo nilipoufanya biashara, pesa haikunifuata. Ilikuwa inatoka, na mlango nilikuwa naifungulia mimi mwenyewe.

Nitoe hesabu, maana bila hesabu nitaonekana mlalamishi tu. Mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita naukata futi saba kwa nane, ili uning'inie pembeni. Kila kipande nakikata inchi saba kwa saba. Nusu inchi kila upande inaliwa na mshono, kinabaki sita. Vipande 14 kwa upana, 16 kwa urefu, jumla 224. Nyuma natia marekani, mita tano. Wa kwanza niliuuza shilingi 25,000 kwa jirani. Marekani ilikuwa imenila 17,500, uzi 2,000, vipande nilipewa bure na fundi wa kona. Nikabaki na 5,500. Siku hiyo tulikula changu wa nazi na nikajiona tajiri.

Aliyenizindua ni binti yangu, wakati huo yuko kidato cha tatu. Aliniambia, "Mama, mbona hujaandika saa?" Saa gani tena? Akanipa daftari la kurasa arobaini, akanitaka kila ninapokaa kwenye cherehani niandike nimekaa saa ngapi na nimenyanyuka saa ngapi. Nikaandika kwa kumridhisha. Kuchambua vipande, kufua, kupiga pasi, kukata, kuunga, kutia nyuma, kukunja pindo: mfarishi mmoja ulikula saa 38. Gawanya 5,500 kwa 38 uone. Haifiki hata shilingi 150 kwa saa. Anayemenyea vitunguu mama lishe pale Mgandini anapata zaidi yangu, tena na chakula cha mchana juu.

Nilipomweleza jirani kuwa bei itapanda, alinijibu kwa upole kabisa: "Shoga, we si wapenda tu mwenyewe kushona? Ungekaa bure hapo barazani." Mhariri, maneno haya nimeyasikia mara nyingi kuliko salamu. Fundi bomba hakuna anayemuuliza kama anapenda mabomba. Muuza samaki wa Deep Sea haambiwi apunguze kwa sababu alikuwa anafurahia upepo. Lakini mwanamke akishafanya kitu kwa mkono na akaonekana anakifurahia, basi ile furaha inahesabiwa kuwa ni malipo tayari, na mteja anaikata kwenye bei.

Na sisi wenyewe tunaikata. Mie nilikuwa nakata kabla mteja hajafungua mdomo.

Kuna na hili neno viraka. Kwetu mtu wa viraka ni maskini. Mama mmoja alikuja na mumewe, akaushika mfarishi, akaugeuza, akausifia mishono, akauliza bei. Nikamwambia 80,000. Mume akacheka: "Nikalipie viraka elfu themanini? Si ninunue blanketi jipya kabisa?" Mkewe alikuwa amejifunga doti nzuri ya kanga. Nikatamani nimwambie, lakini nilinyamaza, basi nalisema hapa. Katikati ya karne ya 19, kama inavyosimuliwa katika historia ya kanga, wanawake wa Unguja na mwambao walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba vilivyokuwa vikiuzwa kwa jora kabla ya kukatwa. Hata neno lenyewe ni la Kireno. Wakawa wanakata leso tatu tatu, wanaziunga mbili mbili juu kwa chini, inapatikana nguo moja ya leso sita. Baadaye wenye maduka wakaona, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa hivyo hivyo, na hiyo ndiyo kanga. Kwa hiyo yule mama alikuwa amejifunga mjukuu wa viraka na hajui. Hata marekani ninayotia nyuma ina safari yake: iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa Unguja na majahazi makubwa ya wafanyabiashara wa Marekani tangu miaka ya 1830. Leo hakuna anayeikumbuka hiyo Marekani akiulizia mita.

Huko Marekani kwenyewe mifarishi ni kazi yenye heshima. Binti yangu alinionyesha kwenye simu habari za kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama. Wanawake weusi, uzao wa watumwa wa mashamba ya pamba, walikuwa wakishona kwa nguo kuukuu za kazini ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo wakaunda ushirika, Freedom Quilting Bee, wakawa wanauza mpaka New York. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ikatundikwa ukutani katika jumba la makumbusho la Houston, baadaye New York, na mwaka 2006 ikatiwa kwenye stempu za posta. Binti alikuwa anasoma haraka haraka akafika 2007: baadhi ya wale akina mama wakaenda mahakamani kudai kwamba hawakulipwa wanavyostahili. Nikamwambia rudi hapo, soma taratibu. Watu wametundikwa kwenye makumbusho na bado wanauliza fedha iko wapi!

Nirudi kwenye cherehani yangu, maana bei peke yake haikutosha, ilibidi nami nijirekebishe. Zamani nilikuwa naunga vipande viwili, nakata uzi, nachukua vingine viwili. Siku hizi navipitisha chini ya mguu wa cherehani jozi moja nyuma ya nyingine bila kukata uzi, vinatokea upande wa pili vimefuatana kama vibendera vya maulidi, na navitenganisha kwa mkasi safu nzima ikishaisha. Kipimo nacho kilinisumbua. Nilikuwa nakata kwa kufuata kadibodi ya boksi la biskuti, na kila mkasi ukipita unaila kidogo, hivyo kipande cha mwisho kinakuwa kidogo kuliko cha kwanza na kona hazikutani. Nilikuwa nazivuta zikutane kwa nguvu, mfarishi ukitandikwa unafanya matuta. Siku moja fundi wa vigae alikuwa anafanya kazi nyumba ya pili, nikamwomba anikatie kigae inchi saba kwa saba kwa mashine yake. Hakuchukua hata senti. Kile kigae ninacho mpaka leo, kimewekwa alama ya chaki upande wa juu, na mwanangu wa mwisho ameshakidondosha mara mbili hakijavunjika. Kwa mambo hayo mawili nimeshuka kutoka saa 38 hadi 30.

Hasara nazo nimekula. Kitenge kimoja chekundu kilinivutia macho nikakitia bila kukijaribu. Mteja alipofua, wekundu ukachuja ukaingia kwenye marekani nyuma, ikawa kama kitanda kimechinjiwa kuku. Nilimrudishia pesa zake zote. Tangu hapo kila kipande kipya nakiloweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, kisha nakibana kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi kinakwenda kuwa pamba ya mto. Hasara ya pili ilinifundisha arubuni. Nyumba moja ya wageni, sitaitaja, iliniagiza mifarishi minane. Meneja alikuwa mcheshi mno, nikaona haya kumdai chochote kabla. Nilipoipeleka nikamkuta meneja mwingine, naye akasema hana habari. Niliibeba minane ile kichwani na mikononi nikarudi nayo kwenye daladala, konda ananidai nauli ya mizigo. Sasa sikati kitambaa kabla ya kupokea nusu ya bei, hata kwa ndugu. Kwa ndugu hasa.

Kwa minane ile aliyeninusuru ni wifi yangu anayefundisha Lushoto. Hapa mjini kwetu kwa joto hili mtu anataka mfarishi mwepesi, tabaka mbili tu, au anataka wa kupamba. Lushoto mji uko juu zaidi ya mita 1,300, Juni na Julai watu wanalala na masweta. Akaniambia, tia blanketi jepesi katikati, ulete. Nikaifumua upande mmoja yote minane, nikatia blanketi, nikaishonelea isicheze, nikapanda basi pale Kange. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu zile kona za kupanda mlimani ambazo tumbo halizizoei. Iliisha kwa siku tatu, walimu wenzake wakalipa wengine kwa mafungu mawili. Tangu hapo nina mifarishi ya aina mbili na bei mbili, na Lushoto wala hawaulizi habari za umaskini, wanauliza uzito.

Mtaniuliza hiyo 80,000 niliipataje. Ni huu mwepesi wa Tanga. Vifaa 19,500. Saa 30 kwa 1,500 ni 45,000. Inayobaki, 15,500, ni ya vipande (siku hizi nanunua), mafuta ya cherehani, sindano, umeme wa pasi, nauli, na ule mfarishi mmoja katika kila kumi ambao lazima utalala kabatini. Nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya cherehani. Mteja akianza kunisihi namwonyesha karatasi, hatuchukiani. Wengine huondoka. Zamani nilikuwa nauza mitatu kwa mwezi na nadaiwa dukani, siku hizi nauza miwili na sidaiwi.

Sasa ombi langu, Mhariri, ni kwa hawa wanaotuandalia semina, na kwa maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na tunashukuru maana haina riba. Lakini kwenye semina ile tulifundishwa kuandika katiba ya kikundi, kuchagua mweka hazina, na kupenda kazi zetu. Hakuna aliyetuuliza kitu kimoja kinatuchukua saa ngapi. Mwenzangu anafuma vitambaa vya makochi, seti inamchukua majuma mawili, anauza 30,000. Mwingine anasuka mikeka ya ukili na kuitia rangi, ukimuuliza amesuka siku ngapi anacheka. Hawa mkiwapa mkopo wa milioni mbili watanunua uzi na ukili mwingi zaidi, watauza kwa hasara haraka zaidi, na marejesho watatoa kwenye pesa ya waume zao. Kabla ya katiba, wapeni daftari la kurasa arobaini na saa ya ukutani.

Na yule kijana wa semina asinichukie. Kupenda kazi kuna faida yake: saa ya ishirini na tano, mgongo ukiuma, mtu asiyependa angeacha. Ila hilo ni langu na cherehani yangu, halimhusu mteja. Nina mfarishi mmoja ambao una vipande vya kanga za bibi, mpaka na lile neno la pindoni limebaki nusu, "...si hoja", mwanzo wake hakuna anayeukumbuka. Watu wameshautaka kwa bei nzuri. Huo siuzi, na kwenye daftari haumo.

Nimalizie na habari ya fundi wa kona, maana ameomba asisahauliwe. Alipoona natoka na mifarishi kila wiki, aliacha kunipa vipande bure, akawa ananiuzia kiroba 2,000. Nilinuna siku mbili. Kisha nikakumbuka kuwa kuvikusanya na kuvitia kwenye kiroba ni muda wake, nikalipa. Jumamosi hii amepandisha tena, 3,000. Kwa hiyo wateja wangu wa Tanga wajue, kuanzia mwezi ujao ni 81,000.

Mshona viraka,
Makorora, Tanga.