Fumbo la watoto wawili lisomwe polepole

Mhariri,

Familia ina watoto wawili; kuna uwezekano gani wote ni wavulana? Ukiambiwa kifungua mimba ni mvulana, uwezekano wa mdogo wake kuwa mvulana ni 1/2. Ukiambiwa tu kwamba angalau mmoja ni mvulana, uwezekano wa wote wawili kuwa wavulana ni 1/3: kati ya mipangilio minne, wa wasichana wawili unafutwa, inabaki mitatu, na mmoja tu ndio wa wavulana wawili.

Walimu, jaribuni darasani: rusheni sarafu mbili za shilingi 500 mara 100, nembo iwe mvulana. Futeni mirusho isiyo na nembo. Itabaki kama 75, na takriban 25 ina nembo mbili.

Lakini mtoto mmojawapo akifungua mlango kwa bahati, naye ni mvulana, jibu ni 1/2, maana nyumba ya wavulana wawili haiwezi kumtoa msichana, lakini yenye mvulana na msichana humtoa mvulana nusu ya mara tu. Wengi hukwama hapa.

Na mume asimlaumu mke kwa mabinti wanne: mbegu ya baba ndiyo huamua.

Mwalimu wa hisabati, Jinja