Tukio la Kwanza la Dunia Ninalolikumbuka

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, hofu ni kwako na hao wadogo. Barua yako niliipata, na swali lako limenikaa kichwani tangu siku hiyo: ni tukio gani kubwa la dunia ninalolikumbuka la kwanza kabisa, kabla hata sijajua dunia ni nini?

Langu ni siku Mandela alipotoka gerezani kule Afrika Kusini. Tarehe 11 Februari 1990 nilikuwa sijatimiza miaka minne. Usidhani nakumbuka ile ngumi iliyoinuliwa, au alivyoshikana mkono na Winnie. Picha hiyo nimeiona mara nyingi mno ukubwani, siwezi kula kiapo kwamba niliiona siku ile. Ninachokumbuka ni kusubiri. Televisheni inaonyesha barabara na lango, watu wazima wamejazana sebuleni, na hakuna kinachotokea. Mimi nimekaa sakafuni katikati ya miguu yao. Mmoja soksi yake imetoboka, kidole gumba kinachungulia, na nakitazama kidole kile kuliko televisheni. Kila nikifungua mdomo naambiwa, "Shh!" Halafu ghafla wote wakasimama, nami nikabaki naona migongo. Mtu akauliza, "Yupi? Ni yupi?"

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa. Ilitangazwa kwamba angetoka saa tisa alasiri kwa saa za kule, akatoka saa kumi imeshapita. Na yule aliyeuliza "yupi" alikuwa na haki yake. Kwa miaka mingi ilikuwa marufuku Afrika Kusini kuchapisha picha ya Mandela, na zile zilizozunguka duniani zilikuwa za kabla hajafungwa, za kijana mwenye mashavu yaliyojaa. Miaka 27 baadaye akatoka mzee wa miaka 71, mwembamba, nywele nyeupe. Nani angemtambua haraka?

Ndiyo maana kumbukumbu hii naiamini. Vipindi vya historia vya televisheni hukata kusubiri. Huanzia pale anapotokea langoni. Hakuna aliyenisimulia baadaye habari ya barabara tupu, na soksi iliyotoboka haimo katika kitabu chochote. Kumbukumbu ninazozitilia shaka ni zile nzuri, zilizokamilika, zinazofanana na picha ambayo kila mtu anayo.

Sasa nije kwako, na usinune. Umeandika kwamba la kwanza kwako ni kifo cha Diana, binti mfalme wa Uingereza, 1997, nawe ukiwa na miaka minne. Kuhusu mazishi sina ubishi. Ulisema uliwaona watoto wawili wakitembea nyuma ya jeneza, ukauliza kwa nini hawajabebwa. Hilo ni swali la mtoto kabisa! Wanawe hao, William alikuwa na miaka 15 na Harry 12. Wakubwa walimtazama binti mfalme, wewe uliwatazama waliokukaribia kwa umri. Lakini umesema pia kwamba uliliona gari alimokuwamo likijigonga kwenye nguzo ya handaki. Hapana, rafiki yangu. Hakuna filamu ya ajali ile iliyowahi kuonyeshwa. Kulikuwa na picha za kamera za hoteli kabla hawajaondoka, na picha za gari likiwa limeshapondeka. Hauko peke yako lakini. Watafiti waliwahi kuwauliza watu Uingereza kama waliiona filamu hiyo, na karibu nusu wakasema ndiyo. Akili imechukua mwanzo na mwisho, ikajaza katikati yenyewe.

Mama yangu naye ana lake. Julai 1969, Armstrong na Aldrin walipotua mwezini, yeye alikuwa mtoto. Anasema jioni ile walitoka nje kuutazama mwezi, wakitarajia kuwaona wale watu wakitembea juu yake, na mwezi ulikuwa mpevu, mviringo kabisa, unang'aa. Nilikwenda kuangalia kalenda ya mwezi. Tarehe 20 Julai mwaka ule ulikuwa haujafika hata nusu. Sijamwambia, na sina mpango wa kumwambia. Kutoka nje na kukodoa macho angani hakuna kalenda inayoweza kumnyang'anya, na sikitiko la kutomwona mtu yeyote kule juu analisimulia bado kwa uchungu.

Wasomi nao wamenaswa humo humo. Ulric Neisser, mwanasaikolojia wa Marekani, alikumbuka maisha yake yote jinsi alivyosikia habari za Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, bandari ya jeshi la Marekani, mwaka 1941: alikuwa akisikiliza mechi ya besiboli redioni, matangazo yakakatizwa. Ilimchukua miaka mingi kujiuliza ni besiboli gani inayochezwa Desemba, wakati msimu wake umeshakwisha. Baadaye, chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, kesho yake asubuhi yeye na mwenzake waliwapa wanafunzi karatasi waandike walikuwa wapi na nani aliwaambia. Karibu miaka mitatu ilipopita wakawauliza tena. Robo yao hawakupatia hata jambo moja kati ya yale makuu, na wengi wao walijibu kwa uhakika wote. Kinachonivutia mimi ni kwamba walipoonyeshwa karatasi zao, hawakuona aibu wala hawakukumbuka upya. Maandishi waliyakubali kuwa ya mkono wao, waliyoandika, hapana.

Na hao walikuwa watu wazima. Sasa fikiria mtoto wa miaka minne, ambaye kwa kawaida kumbukumbu zake zimeanza juzi tu. Kabla ya miaka mitatu hivi wengi wetu hatubakizi kitu. Mtoto huyo hajui Afrika Kusini ni nini, hajui mwezi uko mbali kiasi gani. Anajua uso wa mama yake. Anajua mzee ambaye hajawahi kumwona akilia, leo analia. Nadhani hicho ndicho hasa anachokihifadhi, na jina la tukio huja kubandikwa miaka baadaye, akishaweza kusoma tarehe. Wapo bila shaka wanaokumbuka siku ambayo wakubwa wote walinyamaza, na hadi leo hawajui ilikuwa siku gani.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Mwanao wa kwanza alikuwa na umri huo huo mwaka 2020, wakati wa korona. Lile halikuwa tukio la siku moja, halikuwa na lango wala jeneza, na sijui mtoto analishikilia wapi. Barakoa? Mlango uliofungwa? Kuambiwa asimkumbatie bibi? Muulize sasa, kabla hajaonyeshwa filamu na kufundishwa darasani namna ya kukumbuka. Usimwongoze, usimwambie "unakumbuka tulivyo…" maana ukimaliza sentensi hiyo umeshampa jibu. Mwache aseme ovyo ovyo. Uandike maneno yake kama yalivyo, hata yakiwa ya soksi, uweke tarehe, kisha uninakilie na mimi.

Na mama yako muulize habari za 1997 kabla hujamsimulia za kwako. Nataka kujua kama naye ataleta gari na nguzo.

Wako daima, anayekusubiri kwa hamu.