Kwako mdogo wangu, kuhusu yale matone 125

Mdogo wangu, nakupigia hupokei, meseji unasoma unaniachia tiki za bluu, basi naandika huku maana najua unapita, na usipopita wewe shoga zako watakufikishia.

Nasikia mtihani wa Baraza la Uuguzi umekaribia na unakesha na desa la famakolojia, yale maandishi ya somo la dawa. Usikariri dawa kama nyimbo za chekechea, shika mkia wa jina. Zinazoishia na olol zinapunguza kasi ya moyo, zinazoishia na pril zinaweza kuleta kikohozi kikavu. Digoksini, ile ya moyo, hesabu mapigo dakika nzima, mtu mzima akiwa chini ya 60 usimpe, mwite daktari. Magineziamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba, kabla ya dozi nyingine gonga goti uone kama mguu unaruka, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, angalia mkojo, na kalsiamu glukoneti, ya kuokoa magineziamu ikizidi, iwe hapo hapo karibu na kitanda sio stoo. Ila haya unayajua, si ulikuwa unanigonga goti na kijiko cha chai mpaka mama akauliza nyie mmeingiwa na nini.

Sasa ile jioni ya wageni. Hesabu ya dripu, lita moja, masaa 8, seti ya matone 20 kwa mili moja, ukaandika 125 ukasema ndo matone kwa dakika. 125 ni mili kwa saa jamani! Matone ni 42. Ningekuelekeza taratibu, ndiyo, lakini nikafoka "utaua mtu wewe" na shemeji mtarajiwa amekaa pale na shangazi zake, sahani za pilau mapajani. Sawa, hilo langu. Lakini wewe ukafunga daftari, ukanitazama, ukasema "si na wewe ulikula sapu ya famakolojia hiyo hiyo". Kurudia mtihani kwangu, mbele za watu. Kitu nilichokuambia wewe peke yako, umeme umekatika tumelala kitanda kimoja, hata mama alikuwa hajui. Shangazi mmoja akacheka, na wewe ukacheka naye. Hicho kicheko chako ndo kimenikaa hapa kooni, cha shangazi nilishakisahau.

Na kwa taarifa yako matone 125 yanamaliza lita nzima kwa masaa mawili na dakika 40. Nina sababu ya kulijua hilo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, zamu ya usiku, tupo wawili wodi nzima, kuna mzee wa moyo kawekewa dripu, nimeitwa kitanda kingine narudi nakuta chupa tupu na mzee anahema kama anazama, povu mdomoni, tukamkalisha wima, oksijeni, lasiksi ya mshipa ya kutoa maji mwilini, nikamshika mkono mpaka adhana ya alfajiri. Alipona. Aliyefungulia ile dripu bila kuhesabu matone ni mimi. Hata wewe sikuwahi kukuambia hili na sasa nimeliandika hapa kila mtu anasoma, haya.

Sijitetei, najieleza tu. Wewe ungekuwa mimi ungenyamaza?

Desa langu nimeliacha kwa mama juu ya friji, ukurasa wa mahesabu nimeukunja. Usimwazime mtu. Na kile kijiko uliondoka nacho kwenye begi, ni cha seti, mama anakiulizia.