Pera lisidharauliwe mbele ya tufaha

Mhariri,

Katika masoko ya Kampala, matufaha kutoka Afrika Kusini hupangwa mbele yakiwa yamefutwa yakang'aa, ilhali mapera hurundikwa chini, na wanunuzi hudhani hiyo ndiyo tofauti ya ubora. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C. Za tufaha hazifiki hata 10. Nyuzinyuzi nazo, ambazo hulainisha choo na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, ni karibu maradufu katika pera, mradi mlaji asiteme mbegu. Tufaha, kwa haki yake, hukawia kuoza. Hata hivyo, anayempelekea matunda mgonjwa mwenye upungufu wa damu afadhali achukue mapera, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha.

Msomaji wenu,
Kampala