Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ligi ya Wanawake Mbagala, Msimu wa 2025

Ndugu wanachama,

Msimu umekwisha na kombe limeshakabidhiwa. Timu nane zilianza ligi, timu nane zimemaliza. Mechi zote 56 za mizunguko miwili zimechezwa uwanjani, hakuna hata moja iliyoamuliwa mezani. Tunaokumbuka msimu uliopita, timu zilivyojitoa njiani, tuna kila sababu ya kumshukuru Mungu. Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina. Mimi nauomba muda wenu kwa jambo moja lililotuchosha kuliko yote mwaka huu, nalo ni saa ya kucheza.

Uwanja wetu ni wa kuazima. Tangu tuanze, saa kumi alasiri ilikuwa ya wanaume, sisi tukipewa saa nane mchana. Anayedhani hilo ni dogo angekuwepo raundi ya tatu, mwezi wa Februari. Golikipa mmoja, ambaye soli za viatu vyake zimelika, alikuwa akiinua mguu huu akishusha ule, hawezi kutulia mchangani. Mwamuzi alisimamisha mchezo mara mbili watu wanywe maji. Watazamaji wote walijibanza chini ya mwarobaini ulioko nyuma ya goli, kivuli kikisogea nao wanasogea. Mchezaji anacheza dakika ishirini kwa moyo wote, zilizobaki anapigana na jua. Kipaji chake utakionaje?

Kamati ilikwenda kuzungumza na wenye uwanja mara nne. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba mpira wa wanawake hauna watazamaji. Tukawauliza, ni nani atakayekaa juani saa nane kumtazama mtu yeyote?

Mvua za masika zikatusimamisha, uwanja ukawa bwawa. Lakini mapumziko hayo yalikuja na heri yake. Mwezi Juni Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walitwaa ubingwa wa CECAFA, yaani wa Afrika Mashariki na Kati, hapa hapa jirani, uwanja wa Azam Complex, Chamazi. Tuliwapeleka wasichana wetu, wakaona kwa macho yao jukwaa likiwaimbia wanawake. Julai Twiga Stars wakawa Morocco kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu 2010, na wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, mabingwa watetezi, kwa penalti ya Opa Clement. Kibanda umiza cha mtaani kwetu, ambacho sijawahi kukiona kikionyesha mechi ya wanawake, kilijaa hadi mlangoni. Wiki iliyofuata tulirudi kwa wenye uwanja mara ya tano. Tukapewa saa kumi.

Watu walikuja, wanachama. Wauza karanga na maji walikuja, na hiyo ndiyo dalili ninayoiamini mimi. Nilifurahi sana, na katika furaha ile nilisahau kupiga hesabu ya jua. Mechi ya saa kumi inamalizika saa kumi na mbili kasoro. Msichana akibadili nguo, akafika kituoni, akagombania daladala ya kwenda Mbande au Kongowe, anaingia nyumbani usiku.

Jumatatu moja jioni alikuja kwangu baba wa winga mmoja, mtoto wa miaka 16. Hakupandisha sauti. Alikuwa na jezi ya binti yake, imefuliwa na kukunjwa vizuri, akaiweka juu ya stuli. Akasema, "Mama mwenyekiti, mwanangu simkatazi mpira. Namkataza giza." Sikuwa na la kumjibu. Baada yake wakaja wazazi wengine wawili.

Huo ndio umri tunaoupoteza. Serengeti Girls waliokwenda India 2022 kwenye Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali, walikuwa wasichana wa chini ya miaka 17. Na sisi tuna bahati ya kuishi jiji lenye JKT Queens, Simba Queens na Yanga Princess. Mtoto wa Mbagala akionekana, hahitaji kuhama mkoa ili acheze Ligi Kuu. Sasa ataonekanaje kama ameachia jezi kwenye stuli yangu?

Tulijaribu Jumamosi asubuhi. Haikwenda: wengine wana tuisheni, wengine ndio wanaofua na kupika nyumbani, timu moja ilifika na wachezaji saba. Jumapili asubuhi watu wako kanisani. Mwisho mweka hazina wetu alizungumza na dereva wa kosta anayeegesha Zakhem. Kila baada ya mechi kosta inawachukua wasichana, mjumbe mmoja wa kamati anakaa kiti cha mbele, na hashuki mpaka mtoto wa mwisho afikishwe kwao. Nilimpelekea baba yule habari hiyo mimi mwenyewe. Zilipobaki raundi nne, winga wetu alirudi.

Kwa ufupi, waamuzi wamelipwa wote. Vikinga ugoko vinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote: kuna mechi kamisaa aliikataza timu isiyo navyo kuingia, sawasawa na sheria, na wasichana wakakata boksi la maji kwa wembe, wakaingiza vipande ndani ya soksi. Kamisaa hakuvikubali, na alikuwa sahihi. Tuliazima vya timu iliyomaliza kucheza, mechi ikachelewa nusu saa, na nusu saa hiyo tuliilipia gizani.

Fedha ya kosta imetoka mifukoni mwa wajumbe wa kamati, nayo imekwisha. Hivyo naleta kwenu pendekezo kwamba ada ya mwezi ipande kutoka shilingi 2,000 hadi 3,000, na nyongeza yote iende kwenye kosta na vikinga ugoko, ikiandikwa kwenye daftari lake peke yake ambalo mwanachama yeyote ataruhusiwa kulifungua. Najua kwa baadhi yenu buku moja ni mboga ya siku. Nisingeiomba kama ningekuwa na njia nyingine.

Barua ya kuomba saa kumi kwa msimu ujao nimeshaisaini, iko kwa katibu. Kosta ya Jumamosi ya kwanza nimeilipia mimi na yeye. Ya Jumamosi ya pili inangoja kura yenu.